Nani kawaambia wanasoma bure? Wenyeji wa asili wa Kanada na elimu ya juu

Kwenye makundi yetu ya WhatsApp hapa Kanada kuna neno halikosi kurudiwa: wenyeji wa asili wanasomeshwa chuo kikuu bure, ila wenyewe hawataki tu. Anayelisema huwa hajui hela hizo zinapita wapi.

Programu ya serikali kuu ipo, lakini ni ya watu wa Mataifa ya Kwanza (First Nations, kundi kubwa zaidi la wenyeji) waliosajiliwa kisheria. Wainuit, wenyeji wa kaskazini ya mbali, na Wametis, wenye asili ya wenyeji na Wazungu, wana mafungu yao. Mtu wa Mataifa ya Kwanza asiye na usajili haambulii kitu kwenye programu hiyo. Fedha hupitia baraza la jamii au shirika lake la elimu, ambalo ndilo linalogawa ada, vitabu na hela ya kujikimu. Fungu lenyewe lina kikomo. Kuanzia 1996, kwa miaka mingi, nyongeza ilibanwa kwenye asilimia 2 kwa mwaka, huku vijana wakizidi kuongezeka. Ofisi ya elimu ya jamii hubaki inapanga foleni: mara nyingi hutangulizwa walio katikati ya masomo, kisha waliomaliza sekondari karibuni. Mama mwenye watoto wawili anayetaka kurudi darasani anaweza kuambiwa ajaribu mwakani. Tume ya Ukweli na Maridhiano, iliyochunguza shule za bweni za wenyeji, ilipotoa miito yake 94 mwaka 2015, wa 11 ulihusu foleni hiyohiyo.

Na hilo la "hawataki"? Sheria ya mwaka 1876 (Indian Act) ilisema mwenyeji akipata shahada anavuliwa hadhi yake ya kisheria kama mwenyeji. Usome, au ubaki na watu wako. Zikaja shule za bweni, zilizochukua watoto zaidi ya 150,000 na kuwakataza lugha zao. Za mwisho zilifungwa miaka ya 1990. Familia iliyopita humo hailioni jengo la shule kwa jicho letu.

Ndiyo maana mfano wa Blue Quills, karibu na St. Paul, Alberta, una uzito. Mwaka 1970 serikali ilipanga kuifunga shule hiyo ya bweni. Wazazi na wazee wakaingia wakakaa humo, wakagoma kutoka mpaka wakakabidhiwa waiendeshe wenyewe. Leo ni chuo kikuu kinachomilikiwa na mataifa saba ya wenyeji.

Kwa hiyo ukisikia chuo fulani kimeingia ubia na wenyeji, uliza: nani anatoa cheti, ada inaingia akaunti ya nani, na mtaala ukibadilishwa nani anapiga kura? Ontario, kwa miaka mingi, vyuo vya wenyeji vilifundisha lakini karatasi ikatoka kwa chuo mshirika, na ruzuku ya serikali ikapitia hukohuko. Sheria ya 2017 iliviruhusu kutoa vyeti, diploma na shahada vyenyewe, chini ya ukaguzi wa baraza la wenyeji. Saskatchewan walifuata njia nyingine: First Nations University of Canada, iliyoanza 1976 kwa jina jingine, ina bodi yake lakini shahada zinatolewa na University of Regina. Njia zote mbili zinafanya kazi, mradi majibu ya maswali yale yameandikwa kwenye mkataba.

Kinachoharibu ubia mara nyingi ni mpangilio. Chuo kinaandika mtaala, kinaupitisha kwenye seneti yake, yaani baraza lake la taaluma, halafu kinawaita wazee waubariki. Hapo wazee hawana la kurekebisha. Mazungumzo na jamii yatangulie, hata yakila mwaka mzima; kisha hati ya makubaliano, kisha seneti. Humo humo iandikwe ni masomo yapi yatahesabiwa mwanafunzi akihamia chuo kingine, la sivyo atamaliza miaka miwili na kuambiwa aanze upya. Na ikiwa kozi nzima inasimama juu ya ruzuku ya miaka mitatu, ujue mwalimu ataanza kutafuta kazi kwingine mwaka wa pili.

Kingine ni malipo ya wazee wanaoalikwa chuoni. Katika jamii nyingi za Wakrii na Waanishinaabe, ambao ni wa Mataifa ya Kwanza, mzee huombwa kwa kupewa tumbaku mkononi kabla ya kutaja haja. Hiyo ni heshima. Si kila taifa lina desturi hiyo ya tumbaku, kwa hiyo uliza kwanza. Malipo ni jambo jingine. Hapo idara ya fedha ya chuo inadai fomu, namba ya kodi na akaunti ya benki, na bibi wa miaka 80 anasubiri wiki kadhaa. Hundi iandaliwe mapema, akabidhiwe siku hiyohiyo.

Wapo pia wanaofukiza majani makavu kabla ya kikao. Watu wa pwani wenye chetezo nyumbani hawatashangaa, ila kengele ya moto itashangaa: watu wa majengo waarifiwe mapema wazime vihisi vya chumba hicho tu, na mlangoni pawekwe tangazo kwa wenye pumu.

Na sisi wageni? Tangu Juni 2021 kiapo cha uraia kinataja haki za Mataifa ya Kwanza, Wainuit na Wametis. University of Winnipeg na Lakehead zilianza mwaka 2016 kumtaka kila mwanafunzi wa shahada ya kwanza asome somo linalohusu wenyeji. Kama umekubaliwa huko, lichukue mwaka wa kwanza. Ukilisogeza hadi muhula wa mwisho na nafasi zikajaa, mahafali yatakupita.