Saa ya mkulima wa mwani ni shilingi ngapi?

Ukitathmini mradi wa barabara, mara nyingi faida kubwa haitoki kwenye mafuta wala tairi, inatoka kwenye muda ambao wasafiri watauokoa. Muda huo usipoutia bei, hauonekani kwenye hesabu. Kwa anayesafiri kikazi hakuna tabu: chukua mshahara wake wa saa, ongeza gharama nyingine anazobeba mwajiri. Mimi nilipewa barabara ya kifusi wilaya ya Micheweni, Pemba, na wasafiri wengi niliowakuta ni kinamama wa mwani. Mshahara wautoe wapi?

Mwongozo wa Ken Gwilliam wa Benki ya Dunia, wa mwaka 1997, unaelekeza kwamba pasipo na takwimu za mahali, saa isiyo ya kazi ya mtu mzima ihesabiwe asilimia 30 ya kipato cha kaya kwa kila kichwa, ya mtoto asilimia 15, na muda wa kutembea au kungoja uzidishwe mara 1.5. Nikakokotoa. Saa nzima ya mama wa mwani haikununua hata andazi. Na nani kasema kwenda mwani si kazi?

Nikaenda kukaa kituoni. Daladala nauli yake ndogo, ila haiondoki mpaka ijae. Bodaboda inakula zaidi lakini unaondoka papo hapo. Hapo watu wanajitajia bei wenyewe. Boda ikizidi nauli kwa shilingi 1,000 na kukuokolea nusu saa, aliyeipanda saa yake haipungui 2,000. Aliyebaki kwenye gari nilimuuliza kwanza kama anazo hizo fedha mkononi, maana ukata si sawa na kutokuwa na haraka.

Jambo lililonifunza zaidi nililipata kwa bibi mmoja mwenye gunia la kamba na vigingi. "Mwanangu, maji mafu mie n'na haraka gani? Bamvua ndo nachukua boda. Maji yakishaanza kujaa, siku imekwenda."

Bamvua ni siku ambazo maji hutoka mbali sana na kujaa sana, na maji mafu ni zile ambazo hayatoki mbali; mwani hushughulikiwa maji yakiwa yametoka. Nikapanga mahojiano upya kwa kalenda ya maji. Siku za bamvua waliopanda boda walikuwa wengi zaidi, na ni watu walewale. Mkuu wangu alitaka wastani mmoja. Nilimpa, lakini safu mbili za bamvua na maji mafu nikaziacha wazi chini yake.

Sikukubali kutumia bei ya juu kwa wenye gari zao na ya chini kwa wa daladala. Ukifanya hivyo, barabara zitafuata matajiri kila mwaka. Nilitumia bei moja kwa abiria wote. Na wale watakaoanza kusafiri kwa sababu tu barabara imetengenezwa, niliwahesabia nusu ya faida ya wanaosafiri tayari, kama ilivyo kawaida ya fani.