Nilivyopata nafasi katika kikundi cha koto mjini Nagoya

Nilipohamia Nagoya, Japani, kikazi nikitokea Mombasa, nyuzi za Kijapani hazikuwa ngeni kabisa masikioni mwangu, kwa kuwa tashkota, chombo cha nyuzi chenye vitufe kinachosikika katika taarabu ya kwetu, ilibuniwa katika mji huohuo mwaka 1912, kisha ikasambaa hadi India na pwani ya Afrika Mashariki. Hata hivyo, kikundi nilichojiunga nacho, ambacho hukutana katika ukumbi wa jamii wa mtaani na ambacho wengi wa wanachama wake ni akina mama waliostaafu, hupiga koto yenyewe: chombo cha mti wa kiri chenye urefu wa karibu mita 1.8 na nyuzi 13, kila uzi ukiegemea kidaraja chake kiitwacho ji.

Jambo la kwanza lilikuwa kununua risha, yaani vipande vidogo vya kupigia nyuzi, ambazo huvaliwa katika kidole gumba, cha shahada na cha kati vya mkono wa kulia. Kikundi chetu hufuata mkondo wa Ikuta, kwa hiyo risha ni za mraba na mpigaji huketi mshazari ili pembe ya risha iukute uzi. Wafuasi wa mkondo wa Yamada hutumia za mviringo na huketi wakiielekea koto moja kwa moja. Risha bora kwa desturi huchongwa kwa pembe za ndovu. Mimi nilichagua za plastiki bila kusita, kwani mwaka 1989, mwaka ambao nchi yangu ilichoma tani kadhaa za pembe jijini Nairobi, si wa kale kiasi cha kusahaulika, na sauti nilizozipata zilinitosha.

Kupanga sauti hakukunisumbua sana. Mtu husogeza ji kushoto au kulia mpaka nyuzi zote zikae katika mpangilio wa hirajoshi, ambao kwa mapokeo huhusishwa na Yatsuhashi Kengyo, mwanamuziki kipofu wa karne ya 17. Mkono wa kushoto ndio ulionidai subira, kwa sababu hukandamiza uzi nyuma ya ji ili sauti ipande nusu hatua au hatua nzima, na ni sikio pekee linaloamua kama imefika.

Ugumu wenyewe ulikuwa Rokudan, utungo wa sehemu sita ambao kila sehemu ina mapigo 104, isipokuwa ya kwanza yenye 108. Huanza polepole mno, huongeza kasi kidogo kidogo, kisha hutulia mwishoni, na yote hayo hufanyika bila kiongozi wa kupunga mkono. Nilikuwa nikihangaika na karatasi yenye tarakimu za Kijapani zilizoandikwa kutoka juu kwenda chini, macho yakichelewa nyuma ya wenzangu, hadi mwalimu aliponiagiza nivue risha na kuuimba utungo kwa mdomo. Kila mpigo una tamko lake: "shan" ni nyuzi mbili zinapopigwa pamoja, na "kororin" ni kidole gumba kinaposhuka nyuzi tatu mfululizo. Niliimba jikoni na njiani kuelekea kituo cha treni, na nilipovaa risha tena, vidole vilifuata kile ambacho ulimi ulikuwa umekwisha kukijua. Kwa maoni yangu, anayeanza koto angepaswa kuimba kabla hata ya kununua chombo.

Baada ya hapo nilipata nafasi ya kuwasikiliza wengine. Mwalimu huvuta pumzi kabla ya kila mwanzo, na wapigaji wote huivuta pamoja naye. Kasi nayo hupanda kwa namna hiyohiyo, kila mmoja akimsogelea jirani yake bila kumpita. Katika onyesho letu la tarehe 3 Novemba, Siku ya Utamaduni, sikuitazama karatasi ila mwanzoni mwa kila sehemu, na tulimaliza pamoja.

Sasa nimepewa koto ya nyuzi 17, ambayo mtunzi na mpigaji koto Miyagi Michio aliibuni mwaka 1921 ili vikundi vipate sauti nzito za chini. Nyuzi zake ni nene na hudai nguvu ya mkono mzima, kwa hiyo nimerudi kwenye kuimba, safari hii kwa sehemu ambayo hakuna mwingine kikundini anayeipiga.