Mama Amerudi Kuchukua Ua Lake

Nimemaliza tena kusoma A Raisin in the Sun, tamthilia ya Lorraine Hansberry, na usingizi umepaa. Zamani niliisoma kama hadithi ya watu wanaopata nyumba. Safari hii nimekwama kwenye ua la chungu.

Lipo tangu onyesho la kwanza. Familia ya Younger, weusi watano, wamebanana kwenye nyumba ya kupanga upande wa kusini wa Chicago. Choo wanachangia na majirani, mtoto analala kwenye kochi, na mwanga unaingia kwa dirisha moja dogo la jikoni. Mama anatoka chumbani, anakwenda moja kwa moja dirishani, analiingiza ua lake ndani, anagusa udongo, analirudisha nje.

Nimeyasoma maelezo hayo mara nne leo. Mumewe amekufa kwa kuchoshwa na kazi, yeye mwenyewe amezeeka, na bado asubuhi anapapasa udongo wa ua lake.

Jina la tamthilia, yaani “zabibu juani”, limetoka kwenye shairi la Langston Hughes la mwaka 1951, linalouliza ndoto ikiahirishwa huishia wapi: hunyauka kama zabibu juani, au hulipuka? Kwa akina Younger kila ndoto inasubiri hundi ya bima ya marehemu baba, dola 10,000. Walter, mwanawe Mama, anataka duka la pombe. Beneatha, bintiye, anataka kusomea udaktari. Mama anataka nyumba yenye kabustani, na anatanguliza dola 3,500 kwa nyumba iliyo Clybourne Park, mtaa wa wazungu. Wazungu wanamtuma mtu aje na pesa ili wasihamie. Walter, ambaye ameshatapeliwa zilizobaki za bima, anazikataa pesa za wazungu. Wanahama. Mlango unafungwa, kisha unafunguliwa: Mama amerudi kuchukua ua lake.

Wengi huuita mwisho wa furaha. Mimi siwezi tena. Mwaka 1937 Carl Hansberry, baba yake Lorraine, alinunua nyumba kwenye mtaa wa wazungu, Chicago hiyohiyo. Kundi la watu likawazingira. Kitu kizito kikarushwa kupitia dirishani, nusura kimpate Lorraine, mtoto mdogo. Mama yake alilinda nyumba usiku akiwa na bastola. Baba alifika hadi Mahakama Kuu ya Marekani na kushinda kesi ya nyumba hiyo mwaka 1940, lakini vikwazo vya nyumba kwa weusi havikwisha. Akafia Mexico mwaka 1946, alikokuwa anajiandaa kuihamishia familia.

Kwa hiyo tamthilia hii ilipofika Broadway, kwenye kumbi kubwa za tamthilia za New York, mwaka 1959, ya kwanza ya mwanamke mweusi kuonyeshwa pale, Lorraine alikuwa na miaka 28 na alijua vizuri hawa watu wanakwenda kukutana na nini. Akawaacha waende. Nyumba mpya hakutuonyesha hata chumba kimoja.

Saa nane za usiku sasa. Namwona Mama amekumbatia chungu chake, na najiuliza kule Clybourne Park atakiweka dirisha gani.