Wimbo wa 37 Gerezani Hanoi

Somo la wiki: "Moyoni mwangu nimeliweka neno lako, nisije nikakutenda dhambi" (Zaburi 119:11).

Wapendwa katika Bwana, Howard Rutledge alikuwa rubani wa ndege za kivita katika Jeshi la Wanamaji la Marekani. Miaka 18 ya kwanza ya maisha yake alihudhuria shule ya Jumapili ya Wabaptisti, kisha utu uzima ukamteka. Jumapili zake zikawa za kazi au za michezo, huku mkewe Phyllis akienda ibadani na watoto, asimgombeze wala kumsimanga, akitumaini tu kwamba ipo siku atafuatana nao. Tarehe 28 Novemba 1965 ndege yake ilitunguliwa Vietnam Kaskazini, akaruka kwa mwavuli, akakamatwa, na hakuachiwa huru mpaka tarehe 12 Februari 1973. Katika miaka hiyo zaidi ya 7, takriban 5 alifungiwa peke yake.

Alianzia Hoa Lo, gereza ambalo Wafaransa walilijenga Hanoi enzi za ukoloni, katika sehemu ambayo Wamarekani waliibandika jina la hoteli ya mioyo iliyovunjika. Humo hamkuwa na mchungaji, Biblia, kitabu cha nyimbo wala ndugu wa kushirikiana naye. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1973 baada ya kurudi nyumbani, Rutledge anaeleza kwamba njaa ya chakula cha kiroho ilimzidi hata njaa ya nyama, naye akaamua kuijenga upya Biblia na kitabu cha nyimbo kichwani mwake, kwa vipande alivyoviokota katika kumbukumbu za utotoni. Nyimbo 36 za mwanzo zilimjia bila shida kubwa. Baada ya hapo alilazimika kuchimba. Usiku mmoja wa masika radi ilizima taa za gereza zima, na alipokuwa amejilaza gizani akisikiliza mvua ikimiminika juu ya paa, alijikuta akivumisha wimbo wa 37, ambao tangu utotoni hakuwahi kuukumbuka tena: wimbo wa manyunyu ya baraka, yale ambayo Mungu anayaahidi katika Ezekieli 34:26.

Wengi wetu tungependa kuishia kwenye mvua hiyo, kwa sababu ni ushuhuda mtamu. Rutledge mwenyewe haishii hapo. Anakiri kwa majuto kwamba alipokuwa mtoto hakuona umuhimu wa kukariri maandiko, na kwamba kule gerezani mstari mmoja tu alioushika vizuri ungeweza kumvusha siku nzima. Mojawapo ya sehemu chache zilizomrudia ilikuwa mwanzo wa somo letu la leo, kuhusu kuliweka neno moyoni. Alikuwa na maneno ya kuhifadhi akiba, lakini akiba yenyewe ilikuwa haba.

Sisi tuliokulia katika vipindi vya watoto kanisani tunamwelewa vizuri. Mwalimu alipotaka mstari wa kukariri, ni wangapi walisimama mbele wakatoa "Yesu akalia machozi" na kurudi kukaa, kwa kuwa ndio ulikuwa mfupi? Leo Biblia nzima imo ndani ya simu, na ni jambo la kumshukuru Mungu, lakini katika ibada nyingi Zaburi ya 23 haisomwi mpaka kila mtu aifungue kwenye kioo. Simu haikosi kunyang'anywa mahali ambapo mtu hunyang'anywa hata viatu.

Tusisahau pia nusu ya pili ya mstari, ile inayosema "nisije nikakutenda dhambi." Mtunga Zaburi hakuliweka neno moyoni ili limfariji tu. Nadhani mfungwa wa vita huijua nusu hiyo kuliko mtu yeyote, maana kila siku hujaribiwa kumchukia anayemfunga kamba na kumsaliti mwenzake ili maumivu yakome. Nasi tuseme ukweli: marubani hawa hawakufika Vietnam kama wageni wa amani. Walikuwa wakidondosha mabomu, na chini ya mabomu hayo walikuwapo watu wenye jamaa zao. Hilo halihalalishi mateso waliyofanyiwa, ila linatuzuia kuligeuza simulizi hili kuwa la watakatifu upande mmoja na mashetani upande wa pili.

Mahali ninapoparudia mara kwa mara katika simulizi la Rutledge ni pale anapomtaja Harry Jenkins, rubani mwenzake aliyefungwa chumba cha karibu. Mawasiliano yalikatazwa kabisa, na aliyekamatwa aliadhibiwa vikali. Wafungwa walikuwa wakigonga ukuta kwa mpangilio wa herufi katika safu 5 za herufi 5 kila moja, K ikiachwa na nafasi yake kushikwa na C. Kugonga kwa kwanza kulitaja safu, kwa pili kulitaja nafasi ya herufi ndani ya safu. Kwa njia hiyo jina Ruth peke yake lahitaji kugonga mara 28. Siku moja Jenkins alipiga mluzi kumwita, naye Rutledge akasubiri njia iwe salama, akidhani kuna habari nzito. Habari ilikuwa kwamba Jenkins amekumbuka kisa kipya: Ruthu na Naomi. Kwa siku kadhaa watu hawa wawili waliishi kwa kisa hicho, wakikiunganisha na kukitafakari.

Fikirini ni kisa gani kilichowajia. Ruthu alikuwa Mmoabi, binti wa taifa lililochukiwa na Israeli, aliyeingia nchi ya ugenini bila mume wala mali, akamkuta Mungu huko huko. Hakuna mlango wa gereza unaofunguka katika Kitabu cha Ruthu, wala bahari inayogawanyika. Kuna shamba la shayiri, mjane anayeokota masazo, na watu wanaotimiza wajibu wao. Wanaume waliokaa katika nchi ya adui walilishwa kwa habari ya mwanamke wa nchi ya adui.

Tarehe 7 Februari 1971, walipokuwa wamehamishiwa katika vyumba vikubwa vya pamoja, wafungwa waliendesha ibada ya Jumapili ingawa ilikatazwa. Rutledge, Robinson Risner na George Coker waliiongoza, na walinzi wakawatoa nje watatu hao ili waadhibiwe. Waliobaki wakaimba wimbo wa taifa lao kwa sauti kubwa. Mtu aliyekuwa hana nafasi ya ibada Jumapili alipokuwa huru aliadhibiwa kwa kuiongoza akiwa kifungoni. Kitabu chake alikiita kwa maneno ya Zaburi 23:5, "machoni pa watesi wangu."

Katika vikundi vya nyumbani wiki hii, tusome Ruthu sura ya 1 mara moja kwa sauti, tufunge Biblia na simu, kisha tuisimulie kwa zamu mpaka iishe, anayekwama akisaidiwa na aliye jirani yake. Watoto waanze.