Namna nilivyopunguza bugali bila kuipandisha LDL

Karatasi ya maabara ilionyesha trigliseridi (mafuta yanayosafiri katika damu) 260, HDL (ile inayorudisha kolesteroli kwenye ini) 36 na jumla ya kolesteroli 232, zote kwa miligramu katika desilita moja ya damu. LDL, ambayo ndiyo huingiza kolesteroli katika kuta za mishipa ya moyo, iliandikwa 144. Namba hiyo ya mwisho haikupimwa bali ilikokotolewa kwa fomula ya Friedewald ya mwaka 1972: unachukua jumla, unatoa HDL, kisha unatoa trigliseridi zilizogawanywa kwa 5. Ndiyo maana walitutaka tufike asubuhi tumbo tupu, kwani chakula hupandisha trigliseridi na kuivuruga hesabu nzima.

Daktari alinishauri nipunguze wanga, sukari na bia, kwa kuwa vikizidi, ini huvigeuza kuwa trigliseridi. Hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, shauri hilo ni zito, maana mtu aliyekula bila bugali (ugali) husema bado hajala. Mke wangu aliniuliza, “Baba Amani, wageni wakija tutawaambia nini?” Hatukuuondoa mezani, mimi nilianza kumega donge moja tu la ukubwa wa ngumi na kuongeza mboga ya lengalenga, na chai nikainywa bila sukari.

Kazi kubwa ilikuwa kuamua kitakachojaza nafasi ya bugali. Wengi wanaoacha wanga hukimbilia nyama yenye mafuta, siagi na jibini, na baadhi yao, hata wakipungua uzito na trigliseridi zikashuka, LDL yao hupanda. Mafuta yaliyoshiba, yaani yale yanayoganda kirahisi kama ya nyama na siagi, yakizidi hupunguza uwezo wa ini wa kuichota LDL kutoka kwenye damu.

Kwa hiyo niliyatazama mawese kwa jicho lingine. Ni kweli kwamba hayana kolesteroli, kama mafuta yote ya mimea, na wauzaji hupenda kulisema hilo. Lakini karibu nusu yake ni mafuta yaliyoshiba, na asubuhi za baridi huku kwetu unayaona yameganda ndani ya chupa. Kuyafukuza kabisa sikuthubutu, kwa sababu sombe (majani ya muhogo) bila mawese, kwangu mimi, si sombe. Tulikubaliana kuyapima kwa kijiko badala ya kuyamimina, na ladha tukaitafuta katika kitunguu, pilipili na karanga za kusaga. Sambaza nao, samaki wadogo wa ziwani ambao tulizoea kuwakaanga hadi wakauke, sasa mke wangu huwapika katika mchuzi wa nyanya na kuwakamulia ndimu. Nusu ya avoka haikosi kwenye sahani yangu, kwani sehemu kubwa ya mafuta yake ni ya aina isiyopandisha LDL.

Maharagwe yalinigombanisha na rafiki mmoja anayeshika mlo huu kwa ukali, ambaye huyahesabu pamoja na wanga. Ni kweli yana wanga, lakini yana pia nyuzi zinazoyeyuka majini, ambazo hunasa asidi za nyongo tumboni na kulilazimisha ini kutumia kolesteroli iliyo katika damu kutengeneza nyingine. Niliyabakiza, na sijutii.

Vipimo vilivyofuata, miezi kadhaa baadaye, vilitoa trigliseridi 145, HDL 42, jumla 193 na LDL 122. Uzito ulipungua pia, na sidhani kama naweza kuyatenganisha hayo mawili.

Shemeji yangu, anayemeza vidonge vya kisukari, alitaka kuniiga papo hapo. Nilimsihi aonane kwanza na daktari wake, kwa kuwa baadhi ya dawa hizo zikikutana na mlo usio na wanga sukari hushuka hadi mtu akazimia. Kwa upande wangu, daktari bado anaiona 122 kuwa juu kwa mtu mwenye shinikizo la damu kama langu. Tumekubaliana kwamba isiposhuka katika kipimo kijacho nitaanza statini, dawa ya kupunguza kolesteroli, na mlo huu utaendelea pamoja na dawa.