Siku Baba Mdogo Alipokalia Kiti cha Mzee

Juzi jioni kijana wangu alikuwa akisoma kwa sauti hadithi ya shuleni, akakwama. Neno lenyewe analijua, asubuhi alikuwa amelisoma vizuri. Baba yake akamwambia arudie; akakwama tena, na safari hii hata neno la kabla yake likampotea. Dadake akacheka. Hapo akamgeukia, akamtolea maneno mfululizo bila kukwama popote, mpaka msichana akakimbilia jikoni. Akatulia kidogo, kisha akaniuliza: "Mama, mbona nikikasirika maneno yanakuja yenyewe?"

Nilimwambia afunge kitabu kwanza, tutaongea. Sikulala mapema usiku huo. Nilikuwa namkumbuka babu yake, baba yangu Mzee.

Mzee alipatwa na kiharusi mwaka 2016, mwezi wa Februari, wakati vumbi la Nakuru linaingia hata kwenye sufuria iliyofunikwa. Ya hospitali sitayasimulia. Alirudi nyumbani mkono wa kulia umelegea, mguu wa kulia unaburuta, na maneno hayapo. Akili ilikuwepo. Chumvi ikizidi kwenye mboga, alisukuma sahani. Honi ya treni ikilia alitazama saa ukutani, maana reli ilikuwa maisha yake yote. Lakini kila alichotaka kusema kilitoka kwa sauti moja tu: "ndi". Ndi akitaka maji, ndi akiwa na maumivu, ndi akimwita Mama.

Nasi tukageuza sebule kuwa darasa. Kila mgeni aliyekuja kumjulia hali alishika kitu mkononi. "Mzee, hii ni nini? Sema kikombe. Ki-ko-mbe." Mtu aliyewahi kusimamia vijana kwenye karakana anainuliwa kijiko mbele ya macho kama mtoto. Alikuwa anageukia ukuta.

Binti mmoja, mtaalamu wa tiba ya matamshi, ndiye aliyekomesha hayo. Wataalamu wa kazi hiyo ni wachache nchini, na huyu tulimpata kwa kuulizia kwa watu. Mama alimwita mwalimu. Alituambia hali ya Mzee inaitwa afasia: kiharusi kimejeruhi upande wa kushoto wa ubongo, ambao kwa watu wengi ndio unaobeba lugha na ndio unaoendesha mkono wa kulia. Maneno hayajafutika, alisema, njia ya kuyafikia ndiyo iliyoharibika, na mtu akitiwa wasiwasi njia hiyo huzidi kuwa ngumu. "Msimfanyie mtihani," alitwambia. Akatueleza pia kuhusu machozi. Mzee alikuwa analia ghafla, wakati mwingine hata mgeni akimsalimia tu, na Mama alikuwa ameshaamini kwamba kuna jambo amemkosea. Kumbe baada ya kiharusi machozi au kicheko vinaweza kumtoka mtu bila moyo wake kuwa na huzuni au furaha ya kiasi hicho. Mama alishusha pumzi. Nadhani usiku huo ndio alilala.

Sasa ile Jumamosi.

Mwalimu alikuwa amekaa kwenye kigoda mbele ya Mzee na kadi zake za picha. Mzee tulikuwa tumemweka kwenye kochi refu karibu na dirisha, mkono mgonjwa ukiegemea mto. Kiti chake, kile cha mbao alichopewa na wenzake wa reli alipostaafu, kilikuwa wazi. Hakuna aliyekuwa akikikalia, hata sisi watu wazima. Kadi ilikuwa ya kikombe. "Mzee, chai tunainywa kwa..." Kimya. "Kwa ki..." Jasho lilimtoka kwenye paji la uso. Midomo ilijipanga, ikajipanga upya. "Ndi."

Hodi ikapigwa. Baba mdogo akaingia kutoka Njoro na kiroba cha viazi, kuku kamfunga miguu. Kati yake na Mzee kulikuwa na ugomvi wa shamba la Njoro, sina haja ya kuurudia. Hawa ndugu wawili hawakuwa wamekula meza moja kwa miaka. Aliingia akiwa na woga, kofia mkononi, akatazama kulia na kushoto, akakalia kiti kilichokuwa karibu.

"Toka kwa kiti changu!"

Kila neno lilikuwa safi. Ilikuwa sauti ileile iliyotuondoa relini tulipokuwa wadogo, nzito, bila kigugumizi, bila kutafuta. Kuku akapiga mabawa. Mama akatokea jikoni na mwiko unaodondosha mchuzi sakafuni. "Nani amesema? Nani amesema?" Baba mdogo alikuwa ameshasimama. Aliyeshtuka kuliko sote alikuwa Mzee mwenyewe: aliinua mkono wa kushoto polepole akagusa midomo yake, tena akaigusa, macho yamemtoka.

Kisha tukamrukia. "Sema tena, baba yao! Sema tena!" Mama, kaka zangu, mimi, sote kwa pamoja. Akafungua mdomo. Ndi. Akakaza shingo mpaka mshipa ukasimama. Ndi. Akaanza kucheka, kicheko kikageuka kilio, na kilio kikakataa kuisha. Mwalimu akarudisha kadi kwenye mkoba, akamshika mkono ule mzima, akatwambia taratibu tumwache apumzike. Nilipotoka nje nilimkuta baba mdogo amesimama kando ya tangi la maji, kuku bado yuko mkononi.

Wiki zilizofuata nyumba iligawanyika. Kaka zangu walitaka Mzee achokozwe: afichiwe redio, kiti kikaliwe, mradi aseme. Niliwaelewa, walikuwa wamemkosa baba yao. Mwalimu alikataa katakata. Alisema maneno ya hasira, viapo, salamu na nyimbo mara nyingi hubaki hata sentensi ya kawaida ikipotea, lakini mgonjwa hayamiliki. Mama akayaita kuku wa jirani: huingia kwako wakitaka, ukiwaita hawaji. Na mwalimu akauliza swali ambalo hakuna kati yetu aliyelijibu: je, tunataka kurudishiwa mtu ambaye hasira ndiyo mlango wake wa pekee?

Baadaye nilisoma kwamba jambo hili ni la kale. Mwaka 1861 daktari Mfaransa, Paul Broca, alimchunguza mgonjwa katika hospitali ya Bicêtre karibu na Paris ambaye kwa miaka mingi alikuwa akitamka "tan" tu, hadi watu wakamwita Tan. Jina lake la kweli lilikuwa Leborgne. Hata yeye, akipandwa na ghadhabu, kiapo kizima kilimtoka. Nilisoma nikaweka mkono kifuani. Watu huko pia walikuwa wakimsikia na kushtuka kama sisi.

Mwalimu alipitia njia ya wimbo. Mzee aliimba besi kwenye kwaya ya kanisa tangu ujana, na Mama alipoanzisha wimbo mmoja aliupokea, maneno yote, mpaka beti la mwisho. Kuna tiba iliyobuniwa Boston, Marekani, ikatangazwa mwaka 1973, inayotumia uwezo huo: sentensi fupi huimbwa kwa sauti mbili tu, ya juu na ya chini, huku mkono wa kushoto ukipigapiga kila silabi, kisha wimbo hupunguzwa kidogokidogo mpaka yabaki mazungumzo. Ni-pe-ma-ji. Ni-pe-ma-ji. Ilichukua miezi. Sentensi aliyoifurahia zaidi ilikuwa "nataka choo", na nawaomba msicheke, kwa mwanamume aliyekuwa akisubiri mtu akisie, hiyo ilikuwa heshima yake imerudi. Mama alilia siku hiyo, na machozi yake yalikuwa na sababu.

Kuzungumza kama zamani hakurudi. Mpaka alipotuacha mwaka 2020 alikuwa na sentensi chache, zote zikiwa bado na kiimbo ndani yake.

Kwa baba mdogo hakupata sentensi. Alikuja mara nyingi baada ya Jumamosi ile, akakaa kwenye kigoda cha mwalimu, na Mzee alimshika mkono akakataa kuuachilia mpaka chai ikapoa. Lakini maneno yake ya mwisho kwa mdogo wake yalibaki yale manne, na baba mdogo anayabeba. Mama anamwambia ni ugonjwa uliosema. Yeye anasema ndugu yake alikuwa amekaa na maneno hayo tangu mambo ya shamba, kiharusi kikayafungulia. Mimi nimemweleza habari za Broca, za upande wa kushoto, za hasira inayotoa sentensi ambayo mtu hakuichagua. Husikiliza vizuri, huuliza maswali ya maana, kisha hurudi palepale: "Mwanangu, alikuwa ananifukuza?"

Sina hakika. Desemba atakuja tena na ataniuliza tena, nami nitamweleza tena tangu mwanzo, kwa sababu akiuliza tunakaa mpaka usiku tukimzungumzia Mzee, na katika jamaa yetu ni yeye tu anayependa kufanya hivyo kama mimi.