Tende mbili

Jana magharibi imenikuta ndani ya gari ya Chake Chake, huku Pemba, natokea bandarini Mkoani. Boti ilichelewa, na mkobani sina hata tone la maji. Adhana ilipolia dereva akaegesha pembeni. Bibi aliyekaa mkabala nami akafungua fundo la kanga yake, pole pole kwa vidole vilivyokakamaa. Tende nne tu! Akanitia mbili kiganjani: "Futuru mwanangu, usicheleweshe." Utingo naye akapitisha chupa yake ya maji, tukanywa sote.

Sikuwahi hata kumuuliza jina. Aliteremka njiani, akapotelea kwenye mikarafuu. Nyumbani nimekuta muhogo wa nazi na samaki, wallahi nikala kidogo tu. Nimemuombea dua usiku kucha. Mungu amjaalie afya.